Karatasi Iliyobaki Dukani

Asubuhi za Februari, Elwood Pratt huwasha jiko la kuni, kisha huchukua koleo na kuondoa theluji mlangoni. Saa hiyo mkewe, Noreen, huwa ameshaondoka na basi la shule. Noreen ameliendesha basi hilo miaka kumi na tisa. Hakuna mtoto wa Dunmore Mills ambaye hajakemewa naye, na hakuna asiyempenda.

Lakini vuli moja mtoto alibanwa na pumu ndani ya basi. Gari la wagonjwa lilikuwa limehamishiwa mji wa mbali, nalo lilichukua dakika hamsini kufika. Mtoto alipona. Noreen ndiye aliyeshindwa kulala. Mwisho alimwambia mumewe kwamba anataka kugombea kiti katika Baraza la Wawakilishi la jimbo lao, Maine, akaliseme jambo hilo huko Augusta, mahali sheria zinapotungwa.

Kiti chenyewe kilikuwa kinaachwa wazi. Aliyekikalia, Bi. Winifred Beal, alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amechaguliwa mara nne mfululizo, miaka miwili kila mara, na sheria ya Maine haimruhusu mtu kupita hapo bila kupumzika. Uchaguzi wake wa kwanza kabisa alishindwa kwa kura kumi na moja. Alipenda kusimulia kwamba alibisha hodi nyumba zote isipokuwa zile za kilimani, kwa kuogopa mbwa. "Mbwa hawapigi kura," alisema, "ila wenye mbwa walipiga, tena si kwangu."

Hatua ya kwanza ilikuwa kukusanya sahihi. Ili jina la Noreen liingie kwenye kura ya mchujo ya chama chake, alihitaji sahihi ishirini na tano za wapiga kura wa chama hicho wanaoishi katika eneo lake la uchaguzi. Noreen alikuwa na basi asubuhi na jioni, kwa hiyo Elwood akasema kazi hiyo ni yake.

Akaifanya kama mambo yote yanavyofanywa Dunmore Mills. Aliipeleka karatasi dukani, akaiweka kwenye kaunta karibu na birika la kahawa, akaifunga kalamu kwa uzi, akarudi zake nyumbani. Orodha za watu wa mji huwekwa hapo: ya chakula cha jioni cha kanisani, ya wanaotaka paka wadogo, ya wazee wa kuondolewa theluji. Anayepita huandika jina lake. Akimkumbuka jirani, humwandikia na yeye.

Baada ya siku tatu karatasi ilikuwa na majina arobaini na moja. Elwood alivuka barabara nayo akitabasamu.

Bi. Winifred alimkaribisha jikoni, akavaa miwani, akasoma. Akamuuliza nani aliyekuwa akiishika karatasi watu wakisaini. Elwood akajibu kwamba haikuhitaji kushikwa, ilikuwa imelala vizuri kwenye kaunta.

Bi. Winifred akaigeuza nyuma na kumwonyesha maandishi ya chini. "Soma hapa, baba. Taratibu."

Elwood akasoma. Mkusanyaji huapa mbele ya afisa wa viapo kwamba kila sahihi iliwekwa mbele ya macho yake.

"Lakini nawajua wote," Elwood alisema. "Mwandiko wa jirani yetu Clayton naujua kuliko wangu. Nikisaini tu, nani atajua?"

"Wewe utajua. Na mkeo anataka kwenda kutunga sheria, aanze kwa kiapo cha uongo?"

Elwood akaikunja karatasi. Masikio yalimwaka. Ilikuwa Jumatano, na karani wa mji, anayekagua sahihi, angefunga ofisi Ijumaa saa kumi jioni. Sahihi ambazo hajazikagua mpaka hapo zisingewahi Augusta, na jina la Noreen lisingekuwepo.

Kumwambia mkewe ndiko kulikuwa kugumu. Noreen alivua buti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaichukua karatasi na kuitia kwenye jiko la kuni.

"Umemaliza kuona haya?" alimuuliza.

"Bado kidogo."

"Utamalizia njiani. Vaa koti."

Alhamisi Elwood alitoka na karatasi mpya. Mara hii alibisha hodi mlango kwa mlango, akasimama mpaka kalamu ilipoinuka. Watu walimtania. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba ameshasaini dukani, au amekuja kukagua kama mkono ni wake? Elwood akaeleza kosa lake. Kila alipolieleza, lilipungua uzito. Na kila jiko aliloingia alipewa kahawa, hata tumbo likaanza kulia kama mtumbwi wenye maji.

Nyumbani kwa Clayton ndipo alipoelewa.

"Karatasi gani ya dukani?" Clayton aliuliza. "Mimi sijafika dukani tangu nivunje mguu."

Mkewe akainua mkono kutoka kwenye sinki. Ni yeye aliyemwandikia, na kwa kuwa alikuwa na kalamu mkononi, akamwandikia pia shemeji yake aliye Florida tangu Krismasi. Hakuona ubaya. Alikuwa anasaidia.

Elwood akakaa kitini. Watu wale walikuwa wema, wote, na kwa wema wao angeapa juu ya sahihi ya mtu aliyekuwa anaota jua maili elfu moja na zaidi kutoka pale.

Clayton aliomba apewe karatasi. Kabla ya kusaini aliuliza Noreen atafanya nini kuhusu gari la wagonjwa, maana siku ya mguu wake alisubiri saa nzima. Elwood akayaandika maneno hayo kwenye kijitabu. Nyumba iliyofuata aliuliza mwenyewe kama kuna aliyewahi kulisubiri gari hilo.

Ijumaa saa tisa na robo alikuwa na sahihi thelathini na mbili. Akaapa mbele ya afisa wa viapo bila kumeza mate. Karani akakagua jina moja moja. Mawili aliyakata, kwa sababu wenyewe waliishi ng'ambo ya mto, nje ya eneo. Thelathini zikabaki.

"Zinatosha, na chenji inabaki," karani alisema, akagonga muhuri.

Noreen alishinda mchujo wa Juni. Kiangazi chote wakatembea pamoja, yeye na Elwood, wakiwa na kijitabu chenye hadithi za watu waliosubiri. Novemba akachaguliwa kwa kura thelathini na nane zaidi ya mpinzani wake.

Januari aliapishwa Augusta. Elwood alikaa juu, kwenye viti vya wageni, pamoja na Bi. Winifred. Mkewe alipoinua mkono wa kulia, Elwood aliinama mbele kabisa, bila kupepesa macho.

Bi. Winifred akamnong'oneza akae vizuri, ataanguka.

"Niache, mama," Elwood alisema. "Nashuhudia."