Gundi kwenye Chupa za Namnyaki

Zama za Wajerumani, Namnyaki na mumewe Lemburis waliishi karibu na mto Themi. Walilima mahindi na kufuga nyuki. Mwaka mmoja jembe lao lilivunjika, na mvua ilikuwa karibu.

Jabiri, mwenye duka karibu na boma la Wajerumani, alikubali kuwapa jembe jipya kwa kubadilishana na asali iliyotiwa kwenye chupa. Namnyaki akatafuta chupa tupu zilizotupwa na Wazungu, akazijaza asali, akampelekea.

Jabiri alishika moja, akaiweka chini upesi.

"Mama, inanata! Tazama vumbi na nzi walioganda hapa. Asali ni nzuri, lakini nani atanunua chupa chafu?"

Namnyaki alirudi nyumbani, akaimimina asali kibuyuni. Akaziosha chupa kwa maji. Mabaki ya karatasi za chapa yalibanduka, gundi ikabaki. Akachukua kisu, akakwangua kwa nguvu. Kisu kikateleza, kikamkata kidole.

"Ziache," Lemburis alisema. "Nitalima kwa mti uliochongwa."

"Shamba lote kwa mti? Mimi siachi."

Akazibeba hadi kwa jirani yake Chiku, mwenyeji wa Pangani, aliyeolewa na mpishi wa bomani. Namnyaki alichukua pia chupa moja ambayo hakuwa ameitumia. Chiku alizinusa zote. Ile moja akaitenga.

"Hii ilikuwa na dawa ya mifugo. Usitie chakula humu kamwe, hata ukiiosha vipi."

"Na hizi nyingine?"

"Hizi ni za mvinyo, hazina neno. Ila weka kisu mbali, shoga yangu. Gundi hii haijali maji. Dawa yake ni mafuta. Una samli?"

"Ipo."

"Ipake juu ya gundi, uache mpaka ilainike. Kisha futa kwa kitambaa kikavu."

Namnyaki akapaka, akangoja, akafuta. Gundi ikavingirika, ikatoka na kitambaa.

"Lakini sasa inateleza!" alisema.

"Ni samli hiyo. Chukua jivu laini, lilowanishe kidogo, usugue kwa nje. Ndani osha kwa maji ya moto, suuza vizuri, kisha zikauke juani zikiwa zimeinamishwa."

Chupa zilipokauka, Namnyaki alipitisha kiganja juu yake. Hakikunata popote.

Kesho yake alizijaza tena asali, akampelekea Jabiri, naye akainua chupa moja kwenye mwanga. Asali iling'aa kama dhahabu. Akaingia ndani, akatoka na jembe.

Mvua ilipoanza kunyesha mlimani, Namnyaki na Lemburis walikuwa wamelima hadi mwisho wa shamba. Lemburis alifuta jasho, akamtazama mkewe.

"Mama, leta mbegu."