Pikipiki Iliyozima Makupa

Kila alfajiri Sidi aliondoka nyumbani Mishomoroni, Mombasa, akiwa ameketi nyuma ya pikipiki ya mumewe, Garama. Garama alikuwa mwendesha bodaboda. Kabla hajaanza kutafuta abiria, alimfikisha mkewe Changamwe, kwenye kiwanda cha kufunga majani ya chai, ambako Sidi alifanya kibarua. Lango lilifungwa saa kumi na mbili kamili za asubuhi. Mwendo wote huo Sidi alisali kimyakimya ndani ya helmeti. Alianza na watoto, akaja kwa wazazi wa pande zote mbili, akamalizia na majirani.

Mwezi ule wa masika pikipiki ilianza matata. Ilikwenda vizuri mpaka Makupa, karibu na Changamwe, kisha ikalegea, ikakohoa, ikazima. Malori ya makontena yalipita ubavuni mwao hata nguo zikapepea. Garama aliisukuma kando, akafungua tangi, akachungulia. Petroli imo. Alifunga, akapiga kiki, na pikipiki ikawaka kama isiyo na neno. Kuna siku ilizima, na kuna siku haikuzima kabisa. Hilo ndilo lililowachanganya.

Sidi alichelewa mara moja. Akachelewa mara ya pili. Msimamizi wa vibarua, Bwana Changawa, alimwita kando.

"Sidi, mimi sina ubaya nawe," alisema. "Lakini watu hamsini wanangoja nje ya lango hili. Ukichelewa tena mwezi huu, jina lako nalitoa."

Kibarua hicho ndicho kilichowaweka watoto wao shuleni. Garama hakukaa bure. Alibadilisha plagi. Wenzake wa stejini, walipongojea abiria, wakamwambia kosa ni kabureta, akaisafisha. Wakamwambia petroli ni chafu, akahama kituo cha mafuta. Kila alipobadilisha kitu, pikipiki ilikwenda siku mbili ikamtia moyo, kisha ikarudia yale yale.

Jumamosi jioni, baada ya sala, Sidi alimshauri waende kwa Mwanatatu, jirani yao aliyekuwa fundi wa pikipiki. Garama alikuna kichwa. Wenzake stejini walizoea kumcheka mwanamke mwenye spana, naye alikuwa amecheka pamoja nao. Watamwonaje sasa?

"Wewe baki na jina lako," Sidi akamwambia. "Mimi nitaisukuma mwenyewe."

Jumapili walipotoka kanisani, waliipeleka wote wawili. Mwanatatu aliwaitikia salamu, akafuta mikono, kisha akavuta benchi akakaa. Hakugusa spana yoyote.

"Fundi, hata huitazami," Garama alisema.

"Iko pale, haitakimbia. Kwanza nambie, huzimaje? Ghafla kama taa, au hulegea kwanza?"

"Hulegea."

Mwanatatu aliwaeleza kwamba injini ikizima ghafla, mara nyingi kosa huwa la umeme, kama vile plagi au waya. Ikilegea polepole, mara nyingi haipati petroli ya kutosha. Akauliza huzima baada ya muda gani. Garama akasema hakuna muda, hujizimia tu ipendavyo.

"Si kweli," alisema Sidi. "Huzima nikifika kwa majirani."

Wakamtazama. Ilibidi aeleze habari ya sala zake, jinsi alivyowaombea watu kwa utaratibu ule ule kila siku. Alipofika kwa majirani, dakika kama ishirini na tano zilikuwa zimepita.

"Basi mke wangu, ungewaruka majirani tukafika," Garama alisema. Mwanatatu alicheka hata akashika benchi.

Alipotulia, aliuliza siku ambazo haizimi huwa wamefanya nini. Garama alifikiri. Akakumbuka kwamba ni zile siku walizosimama mjini kutia petroli.

"Yaani siku mnazofungua tangi njiani," alisema Mwanatatu. "Na ukifungua pale Makupa, wasikia nini?"

"Hufyonza. Kama mtu avutaye pumzi."

Mwanatatu alimgeukia Sidi. "Wifi, kopo la mafuta ya kupikia hulitoboa matundu mangapi?"

"Mawili. Moja la kutoka mafuta, moja la kuingia hewa. Ukitoboa moja, mafuta hukwama."

"Tangi nalo ni kopo. Petroli ikishuka, lazima hewa iingie juu. Tundu la hewa limo kwenye mfuniko. Likiziba, petroli hukwama na injini hulegea. Ukifungua, hewa huingia, nayo injini huwaka."

Sidi aliutazama mfuniko. Masika yalipoanza alikuwa amelishonea tangi vazi la ngozi ya plastiki nyekundu, lenye maua pembeni. Kipande kilichobaki alikibandika kwa gundi juu ya mfuniko, ili mvua isiingie.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeuziba kwa mikono yangu."

"Na mimi niliizungusha stejini kutwa nikijisifu," alisema Garama. "Tumeuziba sote."

Mwanatatu alimwomba mamake, aliyekuwa akikaanga mahamri hapo karibu, alihamishe mbali jiko lake, kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto haraka. Aliung'oa mfuniko, akabandua ile ngozi, akazibua tundu kwa waya mwembamba. Alipulizia mpaka hewa ikapita. Garama akauliza kama haingetosha kuulegeza mfuniko tu. Mwanatatu alikataa katakata. Petroli ingemwagikia injini ya moto, na mkewe yuko nyuma. Kuhusu mvua, aliwatilia mpira mpya chini ya mfuniko. Huo ndio unaozuia maji. Sidi naye alilikata vazi la tangi, akaacha mfuniko wazi.

"Mpaka hapa twadhani tu," alisema Mwanatatu. "Nenda saa nzima bila kufungua tangi. Hapo ndipo tutakapojua."

Garama alikwenda hadi Mtwapa na kurudi. Haikuzima hata mara moja.

Jumatatu alfajiri kulikuwa na manyunyu. Walipokaribia Makupa, Sidi alisahau alikuwa akimwombea nani. Alishika koti la mumewe kwa mikono miwili. Lori lilipiga honi nyuma yao. Garama akaongeza mafuta, na pikipiki ikaitika, ikapita.

Bwana Changawa alipofika na funguo, alimkuta Sidi amesimama peke yake mbele ya lango, matone ya mvua yakimtiririka.

"Leo umelala hapa?" alimuuliza.

"La. Nimeletwa na mume wangu."

Bwana Changawa alifungua kufuli. Sidi alisema, "Asante Mungu," akaingia wa kwanza.