Jina Lililorukwa

Kila Jumapili baada ya misa, watu wa kambi ya mkonge karibu na Pongwe walikusanyika kwa Mama Benedikta kusikiliza barua. Mwaka huo wa 1956, mwanawe Rafaeli, aliyejitolea jeshini, alikuwa Kenya, ambako vita vya msituni vilikuwa vinakwisha. Msomaji alikuwa Praxeda, binti wa jirani, aliyemaliza darasa la nne.

Bibiana, mdogo wake Rafaeli, alijibanza nyuma ya mlango, mdogo wao mchanga mgongoni. Yeye aliishia darasa la tatu ili amlee mtoto, mama akianika nyuzi za mkonge. Siku ya kuondoka kaka yake alimwahidi, "Nikirudi, utarudi shule."

"Nawasalimu mama na majirani wote," Praxeda alisoma kwa madaha. "Mimi mzima. Vita vinakwisha. Wasalaam."

Bibiana alingoja jina lake. Halikutajwa. Hiyo ilikuwa barua ya tatu.

"Na mimi je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe?" Praxeda akacheka. "Kaka'ko sasa bwana askari. Atamkumbuka yaya?"

Watu wakaangua kicheko. Bibiana akameza machozi. Kumbe ile ahadi ilikuwa ya kumnyamazisha tu, asilie mbele za watu!

Jumatatu, mama alipokwenda kazini, Bibiana aliufungua mkebe wa barua. Alitaka kuichana ile ya mwisho. Lakini katikati ya ukurasa aliona jina lake. Zamani Rafaeli alikuwa akiliandika kwa mwiba juu ya jani la mkonge, herufi zote zimeshikana, naye akilifuatisha kwa kidole. Akaketi, akasoma herufi moja moja. Jua lilipofika utosini, alikuwa amepata mistari michache:

"Bibiana, wananitaka niongeze miaka mitatu. Sijaweka sahihi. Nimekuuliza mara mbili kama bado unataka shule, hunijibu. Mwezi huu ukiisha bila neno lako, nitabaki."

Alimkuta Praxeda bombani.

"Umenifichia maneno ya kaka yangu!"

"Sikukuficha. Mwandiko wake umeshikana kama nyuzi za mkonge. Nilisoma nilipopaweza."

"Na kile kicheko? Nacho kilikuwa kimeandikwa?"

Praxeda akainamisha kichwa. Ndoo ikafurika, asiione.

Siku hiyo hiyo Bibiana aliandika kwa mkono wake: "Kaka, rudi. Nataka shule. Maneno yako kwangu sikusomewa." Lori la mkonge likaipeleka barua posta ya Tanga.

Wiki tatu baadaye jibu likaja. Safari hii Bibiana alisimama katikati ya watu, barua mkononi. Mtoto alikuwa mgongoni kwa Praxeda.

"Bibiana, sikuweka sahihi," alisoma polepole. "Narudi kwa treni, nita... nita..."

Akaisogeza barua karibu na macho. Watu wakamkodolea macho.

"Hapa pamenishinda," akasema.

Hakuna aliyecheka. Katekista Laurenti akasogea, akalitazama neno, akamnong'oneza. Bibiana akaendelea mpaka mwisho.

Mama Benedikta akamgeukia Praxeda. "Umesikia, mwanangu? Maneno mawili tu: 'Hapa pamenishinda.' Mimi sijui kusoma hata mstari, nisingekucheka. Wewe uliogopa aibu ya dakika moja, na mwenzako nusura apoteze miaka mitatu. Mtu akikuamini akakupa barua yake, msomee yote, au mwambie ulipoishia."

"Nisamehe, Bibiana," Praxeda alisema.

Bibiana aliikunja barua, akaitia mwenyewe mkebeni.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini barua zangu nitazisoma mwenyewe."