Dobi Aliyekataa Namba za Kurudia

Kila asubuhi dobi alifungua duka na kuwasha mashine mbili za kufulia. Mumewe aliwasha pasi. Kila nguo iliyopokelewa ilibandikwa kibandiko chenye namba. Namba zilianza na moja, zikafika mia tano, kisha zikaanza upya.

Siku moja balaa likazuka. Nguo mbili zilikuwa na namba 212. Mwalimu wa kike akakabidhiwa ovaroli, na makanika akakabidhiwa gauni la maua.

"Mnataka niingie chini ya lori na hili?" makanika akafoka.

Mume akawaomba radhi wote wawili. Mke alikuwa akijifunza kuandika programu katika darasa la watu wazima. Akaketi mbele ya kompyuta yao kuukuu, akaiagiza itengeneze orodha ya namba zote, kuanzia moja, bila mwisho.

Skrini ikaganda kimya.

"Achana nayo, mke wangu," mume akasema. "Turudie namba zetu za zamani. Sisi ni watu wa sabuni."

"Sirudii! Kwani sabuni imenifua na akili? Namba haziishi. Kwa nini za kwetu ziishe?"

Akavuka barabara, akamwita jirani yao, mwandishi wa programu. Jirani akaja, akasoma alichoandika dobi, akacheka.

"Dada, umeiambia ihifadhi namba zote kabla ya kukupa hata moja. Namba hazina mwisho, lakini kumbukumbu ya kompyuta ina mwisho. Mteja akija, wewe huandika kwanza vibandiko vya maisha yako yote?"

"Nina wazimu? Naangalia cha mwisho, naongeza moja."

"Basi iambie hivyo hivyo. Ikumbuke namba ya mwisho tu. Ukiomba, iongeze moja, ikupe, kisha isimame ingoje. Programu ya namna hiyo sisi huiita itereta."

"Na nikizitaka zote?"

"Usithubutu! Itazunguka mpaka uchomoe waya. Omba unazohitaji tu. Na ile ya mwisho iandike kwenye faili, umeme ukikatika isianze upya."

Dobi akafuta orodha yake, akaandika upya. Mistari minane. Ikakataa. Mume akaguna.

"Guna tu, baba. Mimi sibanduki hapa."

Akarekebisha. Ikakataa tena. Mara ya tatu akabonyeza: 1. Akabonyeza: 2. Akaizima kompyuta makusudi, akaiwasha, akabonyeza: 3.

Miezi ikapita bila nguo hata moja kwenda kwa mtu asiye mwenyewe. Kisha meneja wa nyumba ya wageni akaleta shuka mia tatu kwa mpigo. Dobi akaomba namba mia tatu. Zikatoka, kuanzia 8,641, na itereta ikasimama.

Meneja akashangaa. Akamgeukia mume. "Mzee, programu hii mmeletewa na nani?"

Mume alifungua kinywa, lakini mkewe akamwahi.

"Hatukuletewa. Nimeiandika mimi."