Aliyeumaliza Mkate wa Mirjalol

Mirjalol alishuka kwenye teksi mbele ya geti lao, mjini Margilan, akiwa na sanduku la magurudumu, miwani ya jua na pua iliyoinuka kuliko alivyoondoka nayo. Alikuwa na miaka kumi na sita. Miezi kumi alikuwa Amerika kama mwanafunzi wa kubadilishana, na njia nzima alikuwa akijiandaa kuyavumilia machozi ya mama yake. Mama yake, Zulhumor, alikuwa ameinamia tanuri uani, akibandika mikate. Hakugeuka.

"Mbona umerudi mbio hivyo?" alisema. "Vitunguu viko wapi?"

Hebu fikiria. Mtu ametoka upande wa pili wa dunia, anaulizwa vitunguu.

"Mama, ni mimi! Nimerudi!"

"Nakusikia, mwanangu. Nimekuuliza vitunguu."

Ndipo alipogeuka. Aliliona sanduku, akaiona miwani, na donge la unga likamponyoka mkononi.

"Wewe," alisema kwa sauti ya chini, "si nimekutuma dukani sasa hivi?"

Ujinga wa kijana huyu ulianza asubuhi aliyosafiri. Kwetu msafiri haondoki kabla hajauma mkate mzima mara moja. Uliobaki hutundikwa ukutani, umngoje arudi aumalize, maana riziki yake ya nyumbani imebaki humo. Bibi yake, Huriniso, alimletea mkate huo kwa mikono miwili. Mirjalol, aliyekuwa anajirekodi kwa simu, aliona aibu. Aliuma kidogo kama anayeonja dawa, akatoka nje ya geti, akalitema tonge kwenye jalala la majivu. Kwenye majivu! Mahali ambapo hata mlevi wa mtaa wetu hathubutu kukojoa, kwa kuwaogopa majini, wenyewe wanaokaa pale.

Huko Amerika alivaa joho la marehemu babu yake, akasimama mbele ya darasa, akawaeleza kwamba kwao watu hutundika mikate ukutani kama picha. Wakacheka, na kicheko kile alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Alimdanganya mwanamke aliyempa malazi kwamba kwao wanalala hemani, yeye aliyezaliwa katika nyumba ya vyumba sita. Mama yake akipiga simu, jibu lilikuwa moja tu: niko bize. Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba tangu wiki ya kwanza alikuwa akila bila kushiba, chakula hakina ladha mdomoni, na kwamba alikuwa akifungulia maji bafuni ili wenyeji wasisikie anavyolia.

Sasa alimpita mama yake, akaingia chumba cha wageni. Ukutani kulikuwa na msumari na kamba, basi.

"Bibi, mkate wangu uko wapi?"

Huriniso alikuwa amejilaza kwenye magodoro, anakohoa. "Si uliumaliza mwenyewe, kipenzi changu? Siku ile uliyorudi, mwezi uliopita. Ukaokota hata makombo, nikalia kwa furaha."

Chumba kizima kilinuka jivu lililomwagiwa maji. Mirjalol alifungua mlango wa chumba chake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, jambo ambalo yeye hakuwahi kulifanya, na juu ya mto palikuwa na alama ya kichwa, ya kijivu. Nje geti likalia. Akasikia nyayo zikija uani taratibu, miguu mitupu kwenye matofali ya moto ya mchana wa Julai, na sauti, sauti yake mwenyewe, ikisema, "Mama, nimechelewa, nisamehe, nilimbebea jirani mzigo," na alipochungulia dirishani akamwona kijana mwenye uso wake, mabega yake na hata kovu lake la kidevuni, amesimama na mfuko wa vitunguu, akimtazama moja kwa moja kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyealikwa.

Zulhumor alimwita mwalimu Robiya, mama wa nyumba ya tatu anayewasomea waliopagawa. Alikuja na kikaango cha isiriki, yale majani makavu ya kufukizia, akawasimamisha vijana wote wawili uani.

"Umerudi kufanya nini?" aliwauliza mmoja mmoja.

"Swali gani hilo?" Mirjalol alifoka. "Nimekuja wiki mbili tu, nichukue vyeti vyangu, niondoke. Nani mwenye akili atakaa kwenye vumbi hili? Mama, mfukuze huyu kinyago!"

"Nimerudi kukaa na mama," alisema yule mwingine.

Robiya akamvuta Zulhumor pembeni. "Mmoja ni wako, mmoja ni wa jalalani. Moshi utamfuata yule utakayemkana kwa kinywa chako. Ukikosea, dada yangu, mimi sina dawa ya kumrudisha."

Zulhumor aliwatazama. Hakuchukua muda mrefu.

"Mtoe mwenye sanduku."

Mirjalol alicheka. Kisha akaacha. "Mama, unajua kabisa kuwa ni mimi!"

"Najua," alisema Zulhumor, na machozi yakamtoka, yale yale ambayo kijana alikuwa amejiandaa kuyavumilia. "Nilikujua ulipofungua mdomo. Lakini huyu huniuliza kama mgongo unaniuma. Wewe uliniuliza lini?"

Moshi ukageuka palepale, ingawa hapakuwa na upepo, ukamwingia Mirjalol puani na mdomoni, ukamsukuma kinyumenyume kupita tanuri, kupita mzabibu, huku akishika kila kitu na kila kitu kikimponyoka, akiita mama, akiita bibi, mpaka akaangukia nje na geti likajifunga. Wapita njia walimpita hivi hivi, mmoja akamkanyaga mkono bila kutazama chini, na kila alipojaribu kupiga kelele kinywa kilimjaa majivu.

Robiya aliondoka bila kuaga wala kudai chochote.

Zulhumor alijifuta uso, akamtengea mwanawe chai. Yule kijana alikwenda kuketi mahali pa heshima, mbali na mlango, mahali pa baba yake aliyeko kazini Urusi. Akanyoosha miguu. Akaonja chai.

"Imepoa," alisema, bila kumwangalia. "Lete nyingine. Na hicho kizee kinachokohoa kikalale bandani, kinanikera."

Zulhumor alisimama pale na birika mkononi, anangoja acheke, aseme ni utani.

"Hukusikia?" aliuliza mwanawe.

Akaenda kuchemsha maji.