Vifuniko vya Wiki ya Mbuzi

Kila alasiri, wanawake tisa wa Bwera hukaa nyuma ya kanisa wakisuka vikapu. Wana desturi moja: mmoja husimulia hadithi huku wote wakisuka.

Msimuliaji wao bora ni Emérance. Alikimbia vita huko Beni, ng'ambo ya mpaka. Hapa Bwera hana shamba wala ndugu. Ana kikundi tu.

Duka moja la huko Kikorongo liliagiza vikapu tisa vyenye vifuniko. Wiki ya kwanza wanawake walisuka vikapu. Wiki ya pili walisuka vifuniko. Kisha wakajaribu kufunika.

Vifuniko vyote vilikuwa vikubwa mno. Medius, mama yake Bright, alivaa chake kichwani. Kilimtosha.

"Mama Bright, vua kofia, tuko kazini," alisema Loyi, mwenyekiti.

"Siyo kofia. Ni kifuniko changu."

Wengine walicheka. Medius hakucheka. Zilibaki siku saba tu kufika Ijumaa, siku ya kupeleka vikapu dukani.

"Kosa ni la hadithi," alisema. "Yule mbuzi wa hadithi za Emérance ametuchekesha wiki nzima, ametuharibia kazi. Anyamaze, au akasimulie kwingine."

"Mbuzi yangu ilikula kofia ya afande," alijibu Emérance. "Haikugusa kifuniko ya mutu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Emérance alianza kukunja mkeka wake.

"Kaa chini, Mama," alisema Loyi. "Kesho Ronah anakuja kutoka Kasese. Yeye anafundisha ususi. Tumuulize kwanza."

Ronah alifika na rula. Alipima vikapu, akapima vifuniko, akaandika. Halafu akauliza:

"Wiki ya kwanza mlisikiliza hadithi gani?"

"Ya chui aliyeingia nyumbani kwa mjane," alisema Loyi.

"Mliogopa?"

"Mimi sikwenda chooni peke yangu siku tatu," alisema Medius.

"Mtu akiogopa huvuta uzi sana. Kikapu kinakuwa kidogo. Na wiki ya pili?"

"Mbuzi."

"Mtu akicheka, mkono hulegea. Kifuniko kinapanuka."

Medius aliruka. "Si nilisema!"

"Ulisema nusu," alijibu Ronah. "Hata penye kimya, mkono wa mtu hukaza na kulegea. Mko tisa na hamna kipimo. Kosa ni kutopima."

Akawaonyesha. Kila mwanamke alikata kijiti chenye upana wa mdomo wa kikapu chake, akaongeza nusu ya kidole ili kifuniko kikae juu bila kubana. Kila baada ya mizunguko mitatu ya uzi, alitakiwa kusimama na kulaza kijiti juu ya kifuniko.

"Kikizidi kijiti?" aliuliza Loyi.

"Fumueni mzunguko mmoja. Msifumue kikundi."

Medius alitazama chini. "Lakini tukinogewa na hadithi, nani atatukumbusha?"

"Anayesimulia."

Wote walimgeukia Emérance. Alikunjua mkeka wake polepole.

"Basi, Jumapili ile mbuzi iliingia kanisani," alianza. "Padri iko inaomba, imefunga macho. Mbuzi ikapanda altareni. Ikaona kitabu kikubwa. Ikafungua mudomo..."

Akainua kijiti chake.

"Ikafanya nini?" aliuliza Medius.

"Pimeni."

"Mama Emérance! Ilikula kitabu?"

"Mizunguko tatu imeisha. Pimeni kwanza."

Walipima. Medius alikuwa amezidisha. Alifumua mzunguko mmoja haraka haraka, akausuka upya, akainua kijiti. "Sawa kabisa! Haya, sema!"

Kuanzia hapo mikono ilikwenda mbio, kwa sababu kila mmoja alitaka kumaliza mzunguko wa tatu, apime, asikie kinachofuata. Vifuniko vipya viliisha siku mbili kabla ya Ijumaa. Vyote tisa vilikaa vizuri. Duka lilivipokea, likaagiza tisa vingine.

Jumatatu Loyi alifika mapema kufungua kazi. Akamkuta Medius ameshakaa, karibu kabisa na mkeka alioketi Emérance. Kijiti chake kilikuwa nyuma ya sikio.

"Mama Bright, hata nyuzi hatujagawa!"

"Nilianza nyumbani. Nimeshapima mara mbili," alisema Medius, kisha akamgeukia Emérance. "Haya, dada. Padri alipofumbua macho, alisemaje?"