Ulimi wa Mpishi

Mpishi wa kantini ya kiwanda hakuwa na kijiko cha kupimia chumvi. Kipimo chake kilikuwa ulimi. Anadondosha mchuzi kiganjani, analamba, basi. Miaka tisa hakukosea.

Wiki hiyo alikosea mara tatu.

"Dada, leo umetupikia bahari?" fundi mitambo alimtania, akisukuma sahani.

Mpishi akaonja tena. Kwake mchuzi ulikuwa kama maji matupu. Akaenda kwenye kioo, akatoa ulimi. Ulikuwa mweupe, kama umemwagiwa maziwa yaliyoganda. Akaukwangua kwa kijiko mpaka damu ikatoka. Kesho yake utando umerudi.

"Huu unatoka wapi?" alimwuliza mdogo wake, aliyepika naye kantini.

"Mimi nitajuaje? Ila ukizidi kukwangua utabaki bubu. Twende zahanati."

Nesi alimulika kinywa kwa tochi. "Acha kijiko, dada. Hawa ni fangasi. Wamo vinywani mwa watu wengi, wametulia tu. Kinga ya mwili ikipungua, wanajitanua."

"Na yangu imepunguzwa na nini?"

"Yaweza kuwa kisukari. Yaweza kuwa VVU. Dawa fulani nazo huleta utando huu. Kwa kutazama ulimi tu hatujui. Tupime damu?"

"Pima. Nikianza kuuliza siachi njiani."

Walipima, wakarudia kwa kipimo kingine. VVU vilikuwemo. Mdogo wake akamshika mkono. Mpishi akamgeukia nesi: "Na kazi yangu? Si nitawaambukiza wanaokula kwangu?"

"Hata kidogo. VVU haviambukizwi kwa chakula wala sahani. Hujachelewa. Ukimeza dawa za VVU kila siku, kinga itapanda, utapika mpaka uzeeke. Kwa ulimi, sukutua dawa hii mara nne kwa siku, baada ya kula. Ikae kinywani kwanza, ndipo umeze. Utando ukiisha usiache. Maliza siku zote kumi na nne."

Siku hizo zote mdogo wake ndiye aliyeonja. Mpishi alisukutua, akameza vidonge vyake, na kila asubuhi akachungulia kioo kuona utando umerudi nyuma kiasi gani.

Siku ya kumi na tano alidondosha mchuzi kiganjani, akalamba. Akakunja uso.

"We! Chumvi yote hii katia nani?"

"Mimi," mdogo wake akasema, huku anacheka na machozi yanamtoka. "Umeisikia?"

"Nimeisikia mpaka kisogoni. Ongeza maji, halafu toka hapo kwenye sufuria yangu."